Koleksheni ya nguo za kushindia nyumbani zenye mtindo wa zamani: nimezivaa, nimezifua, haya ndo maoni yangu

Wadau, watu wameniuliza sana kuhusu zile nguo za kushindia nyumbani za mtindo wa zamani zilizoshonwa kwa vitambaa vilivyotiwa rangi na kukunjwa kwa mkono, zile ambazo mbunifu wake alikuwa anaonyesha majaribio yake muda mrefu kabla hajauza hata kipande kimoja. Basi mi nimezinunua, nimezivaa mpaka zimezoea mwili, nimezifua, nimezipiga pasi, nimezigeuza ndani nje nikakagua mshono mmoja mmoja. Kwa mwenye haraka: seti ya pajama ya hariri na robu ya nili chukua bila kusita, koti fupi la kitandani chukua kama unapenda nguo yenye uzito kidogo, gauni la marinda lifikirie kwanza, na lile shati refu la bluu lenye picha za majani mi sikushauri kabisa. Sababu zake ni ndefu kidogo, kwahiyo kaeni vizuri.

Kwanza tuelewane kuhusu hili neno vinteji maana limechoshwa sana. Nguo nyingi za nyumbani zinazouzwa kwa jina hilo ni poliesta iliyochapwa maua ya kizamani kwa mashine, kola ikaongezwa leisi kidogo, basi imeisha. Unaivaa jioni moja unatoka jasho mgongo mzima. Huyu mbunifu hakuiga sura ya nguo za zamani, alienda kuangalia zilivyokuwa zinatengenezwa, halafu akaanza na kitambaa chenyewe kabla hajachora nguo yoyote. Kipindi alichokichagua ni miaka ya 1920 mpaka 1940, na kwa nguo za nyumbani hicho ndo kipindi kitamu kuliko vyote, maana ndo wakati wanawake wa Ulaya na Marekani walianza kuonekana na suruali pana za pajama nje ya chumba cha kulala, kwanza sebuleni wakipokea wageni, halafu hadi kwenye fukwe za kusini mwa Ufaransa, na pia ndo wakati wa Madeleine Vionnet, mbunifu wa mavazi pale Paris aliyeufanya ukataji wa mshazari, yaani kukata kitambaa kwa kukatiza uzi wake kiupande, uwe ndo msingi wa nguo nzima. Kabla ya hapo mshazari ulikuwa unatumika zaidi kwenye vitu vidogo kama kola na utepe wa pindo.

Jambo la kwanza lililonifurahisha hata kabla ya kuvaa ni kijitabu cha sampuli. Kila nguo inakuja na vipande vidogo vya kitambaa vimeshonewa kwenye karatasi nene, na chini ya kila kipande kuna maelezo ya mkono: kitambaa gani, kimelowekwa kwenye nini, kwa muda gani, na kwa nini rangi hiyo imekubaliwa au imekataliwa. Kijitabu cha pajama kina safu ya hariri ileile iliyotiwa rangi ya mizizi ya rubia, huo mmea unaoitwa Rubia tinctorum, ila kila kipande moto wake ulikuwa tofauti. Cha kwanza ni rangi ya matumbawe iliyotulia, cha katikati ni wekundu safi kabisa, cha mwisho kimekuwa kahawia kama udongo. Rubia ndivyo ilivyo, ukiupandisha moto sana, ukishavuka nyuzi 70 hivi, rangi za kahawia zilizomo kwenye mzizi nazo zinatoka na wekundu unapotea. Pembeni kuna kipande kingine kimechovywa kwa sekunde chache tu kwenye maji yenye chuma, na wekundu wote umegeuka zambarau ya giza, nusu tu, maana nusu nyingine ilibaki nje ya maji, na pale rangi mbili zinapokutana kuna mstari mwembamba ambao si nyekundu wala si zambarau. Nimeukodolea macho huo mstari muda mrefu. Na ndo huohuo uliotumika kwenye pindo la suruali, yaani ukivaa unaona miguuni wekundu unazama polepole kwenye giza, na sasa unajua umetokea wapi.

Kijitabu hicho si mapambo. Kinakufanya uelewe kwamba rangi yako na ya mwenzako hazitafanana hata mkiagiza nguo moja, na kwamba hilo si kasoro. Mizizi ya msimu huu si ya msimu uliopita, maji nayo yana chumvichumvi zake. Wanaotaka rangi ilingane kabisa na picha waliyoiona kwenye simu, kwakweli hii sio koleksheni yao.

Haya tuje kwenye pajama yenyewe. Ni hariri ya krepu, uzito wa mome 19, yaani kama gramu 82 kwa mita ya mraba, uzito wa katikati, haionyeshi mwili lakini pia haikuelemei. Blauzi na suruali vyote vimekatwa mshazari, uzi wa kitambaa unapita kwa pembe ya digrii 45 badala ya kushuka wima, na kwa wasiojua tofauti yake jaribuni kitu kidogo: chukua leso yoyote ya pamba uivute kwa kufuata uzi, haitavutika, halafu ivute kona kwa kona, utaona inanyooka na kurudi. Sasa hebu fikiria suruali nzima inafanya hivyo kwenye nyonga zako bila lastiki kali, bila zipu. Unakaa, unainuka, unajilaza upande, unakunja miguu kwenye kochi, nguo inakufuata. Hii ndo sababu naamini mshazari ni wa nguo za nyumbani kuliko hata za sherehe, maana kwenye sherehe unasimama tu wima, nyumbani ndo mwili unajikunja kila namna.

Tatizo la mshazari kila fundi analijua, kitambaa kinashuka. Ukikata leo ukapinda pindo leo, wiki ijayo upande mmoja umekuwa mrefu kuliko mwingine. Dawa yake ni kuitundika nguo ikae kwanza, angalau siku nzima, kitambaa kimalize kushuka kwa uzito wake ndo usawazishe pindo. Mi nimezipima suruali zangu baada ya kuzivaa na kuzifua mara nyingi, pindo liko sawa pande zote, maana yake hawakuharakisha. Mishono ya ndani yote imefichwa, kingo za kitambaa zimefungiwa ndani ya mshono wenyewe kwahiyo hakuna nyuzi zinazoning'inia wala kitu cha kukukwaruza. Na mfuko wa blauzi, hiki ni kitu kidogo ila kimenionyesha mtu anayefikiri, mfuko umekatwa kwa uzi ulionyooka wakati blauzi yenyewe ni mshazari, kwahiyo ukiweka simu au miwani mfuko haulegei ukaning'inia kama shavu.

Kola na kafu zimeunganishwa kwa ile mishono ya ngazi iliyokuwa kwenye nguo za ndani za miaka ya 1930, vipande viwili vya kitambaa vinaachiwa upenyo mwembamba katikati halafu uzi unapita huku na huku kuvishikilia kwa mkono, unaona ngozi inachungulia kwenye upenyo. Kazi ya saa nyingi hiyo kwa kitu kisichofika upana wa kidole. Vifungo ni vya chaza, vina ubaridi kidogo ukivigusa, na matundu yake yametiwa uzi kwa mkono. Lawama yangu pekee ni kamba ya kiunoni, imetengenezwa kwa hariri ileile kwahiyo inateleza, unafunga fundo zuri, ukinyanyuka mara mbili limelegea. Kamba ya pamba iliyosukwa ingeshika vizuri zaidi, na wala isingeharibu sura kwa sababu inakaa ndani ya mkunjo.

Robu sasa. Jamani robu. Hii ndo kipande ambacho nikiulizwa niache vyote nibaki na kimoja, nabaki nacho. Ni kitani kizito cha wastani, rangi ya nili, michoro yake imetengenezwa kwa arashi, mojawapo ya njia za shibori za Japani, yaani kutia rangi kitambaa kikiwa kimefungwa au kukunjwa, na mji wa Arimatsu ambao uko ndani ya Nagoya umejulikana kwa kazi za shibori tangu karne ya 17. Kitambaa kinazungushiwa nguzo kwa mshazari, kinafungwa uzi duru baada ya duru, halafu kinasukumwa chini mpaka kinajikusanya kwenye mikunjo midogo midogo iliyobanana, ndo nguzo nzima inachovywa. Pale palipobanwa na uzi rangi haifiki. Ukifungua unakuta mistari ya mlalo wa mvua ya upepo, na kwa kweli hakuna mistari miwili inayolingana.

Na nili yenyewe inavyofanya kazi inastaajabisha mpaka leo. Kwenye maji ya kawaida haiyeyuki, lazima uiondolee oksijeni kwenye pipa lenye magadi au chokaa ndo iyeyuke, na hapo maji hayaonekani bluu, yanaonekana kijani kinachoelekea njano. Kitambaa kinatoka kikiwa na rangi hiyo ya kijani, kinaguswa na hewa, na mbele ya macho yako kinageuka bluu. Ukitaka iliyokolea usikiache kitambaa muda mrefu ndani, unachovya, unatoa, unaacha kipumue, unachovya tena. Kijitabu cha robu kina ngazi ya sampuli kuanzia bluu ya maziwa mpaka ile inayokaribia nyeusi, na mbunifu akachagua ya katikati kwa robu na iliyokolea zaidi kwa mkanda.

Ila kitu kilichonifanya nimheshimu huyu mtu ni jinsi hilo jaribio lilivyoamua umbo la nguo. Nguzo haibebi kitambaa chochote unachotaka, upana una mipaka yake. Mwingine angetafuta namna ya kukwepa, akatia rangi kwa mashine ionekane kama arashi. Yeye akakubali, akashona robu kwa paneli nyembamba zilizonyooka, kama kimono inavyojengwa kwa kitambaa chenye upana wa sentimita 36 hivi, mabega yakashuka yenyewe, mikono ikawa mipana ya mraba, hakuna hata kipande cha kitambaa kilichotupwa kwa ajili ya kukata mkunjo wa kwapa. Na mgongoni akazikutanisha paneli mbili ambazo mistari yake inalalia pande tofauti, inakutana katikati ya uti wa mgongo inashuka kama unyoya wa ndege. Sio kila mahali inakutana sawasawa, karibu na kiuno imepishana kama sentimita moja, na mi nafurahi hawakulazimisha.

Kitani kikiwa kipya ni kigumu, usishtuke, kila ukifua kinalainika na hakidhoofiki ukikifua kwa sababu uzi wake ukilowa ndo unakuwa na nguvu zaidi. Kwa nguo ya nyumbani hilo ni jambo kubwa. Angalizo ni hili: nili inaacha rangi ikisuguliwa. Haijaungana na uzi kikemikali, imenasa tu ndani yake na juu yake, kwahiyo mwanzoni itapaka shuka jeupe, itapaka mto, itapaka hata shingo yako kama una jasho. Lebo imesema hivyo wazi kabisa na nimefurahi imesema. Ifue peke yake kwa maji ya baridi mpaka maji yatoke safi, na usiikalie kwenye kochi la rangi ya maziwa kwa wakati huo. Yangu sasa hivi haitoi kitu.

Koti fupi la kitandani. Kwa wasiolijua, ni kikoti kinachoishia kiunoni, wanawake walikuwa wanakivaa juu ya gauni la kulalia wakiwa wamekaa kitandani wanasoma au wanakunywa chai, lilikuwa la kawaida sana miaka ya 1930 na 1940, nyumba nyingi zikiwa na baridi. Hili la kwenye koleksheni ni la pamba, tabaka mbili na pamba ya kujaza katikati, limeshonwa kwa mshono wa mbele wa mkono, mistari imekaribiana. Michoro ya nje ndo stori yenyewe. Sio rangi iliyogongwa kwa muhuri wa mbao kama mlivyozoea. Kilichogongwa na muhuri ni dawa ya kushikisha rangi, shabu kwenye muhuri mmoja na chuma kwenye muhuri mwingine, imefanywa nzito kwa gundi ya mti ili isisambae, ukimaliza kugonga kitambaa bado karibu hakina kitu. Halafu kitambaa kizima kinazamishwa kwenye pipa moja la rubia, na pale penye shabu panatoka nyekundu, pale penye chuma panatoka zambarau inayoelekea nyeusi, na pale dawa mbili zilipopandana panatoka rangi ya chokoleti. Pipa moja, rangi tatu. Hii ni njia ya zamani sana, vitambaa vya pamba vya India vilivyoitikisa biashara ya Ulaya karne ya 17 vilitegemea ujuzi huu, na kuiona imerudi kwenye nguo ya kuvaa nyumbani, si kwenye kabati la makumbusho, mi imenigusa.

Ukiliangalia kwa karibu unaona mahali muhuri ulipoinuliwa ukawekwa tena, ua linaacha upenyo mdogo mweupe kabla ya ua linalofuata. Kuna sehemu begani muhuri uligonga mara ya pili juu ya wa kwanza ukiwa umepinda kidogo, na ua lina kivuli. Bitana ya ndani imeungwa kwa mabaki ya majaribio yaliyokataliwa, mengine yana kahawia ya ule moto uliozidi, kwahiyo ndani ya koti umevaa historia ya makosa ya karakana nzima. Napenda mno.

Sasa lawama. Kwapani mshono ni mnene, tabaka nne zinakutana na pamba yake haikupunguzwa pale, ukikunja mkono unahisi donge. Hili linarekebishika kirahisi tu, fundi angetoa pamba kwenye sentimita ya mwisho kabla ya kuunga. Pili halina mifuko. Mbunifu anapenda miaka ya 1940, basi amwangalie Claire McCardell, mbunifu wa Marekani, mwaka 1942 alitoa gauni lake la kufunga mbele la kufanyia kazi za nyumbani, likawa na mfuko mkubwa kabisa wa nje na hata glavu ya jikoni ya kushikia vyombo vya moto imeambatanishwa. Alijua mtu akiwa nyumbani mikono yake ina vitu. Nguo ya nyumbani isiyo na mfuko mi naona haijamalizika.

Gauni la marinda sikununua mimi, alinunua dada yangu, ila nimelivaa vya kutosha kutoa neno. Hili linatokana waziwazi na Delphos, lile gauni la hariri la Mariano Fortuny kutoka Venice, lililoanza mwaka 1907 hivi na kusajiliwa hataza Paris mwaka 1909, na Fortuny mwenyewe aliandika kwamba aliyelibuni hasa ni mkewe Henriette Negrin, jambo ambalo linastahili kusemwa kila gauni hili linapotajwa. Watu walianza kulivaa nyumbani, kwenye kupokea wageni wa karibu, bila korseti. Njia yao ya kutengeneza marinda hawakuitoa kwa mtu. Kwahiyo kila anayejaribu leo anabahatisha, na mbunifu wetu ametumia mishono mirefu ya mkono kwenye hariri nyepesi, mstari baada ya mstari, akavuta nyuzi zote kitambaa kikajikusanya, akakilowesha, akakisokota, akakiacha kikauke hivyohivyo kwa muda. Ukifungua marinda yako pale, membamba, hayajanyooka kabisa, yanacheza kama maji.

Linapendeza mno ukiwa umesimama. Ila hariri haishiki mkunjo milele, ni tofauti na poliesta ambayo moto unailainisha na mkunjo unabaki humo. Kaa chini nusu saa, nyuma pamekuwa bapa. Lifue, marinda yamekwenda, inabidi ulisokote likiwa bichi kama kamba, ulifunge fundo, ulihifadhi hivyo. Delphos zenyewe zilikuwa zinawekwa zimesokotwa ndani ya viboksi vya duara, kwahiyo hilo si uvivu wa mbunifu, ni tabia ya kitambaa. Dada anasema kulisokota kwake ni starehe, analifanya usiku kabla ya kulala, na nikimwangalia namwamini. Mimi nguo ya nyumbani nataka niikalie bila kuwaza. Pembeni kuna ushanga wa kioo umeshonwa kwenye mishono ili uzito wake uvute gauni lishuke, kama Fortuny alivyofanya kwa ushanga wa kioo wa Murano, kisiwa cha Venice, na ukikaa ushanga mmoja unaingia chini ya paja. Kwenye koleksheni ya nguo za kupumzikia, hapo mi ningesogeza ushanga uishie juu ya nyonga na uanze tena chini ya goti, katikati paachwe.

Nimebakiza shati la bluu. Hili naliandika kwa uchungu kwa sababu kwa macho ndo zuri kuliko yote. Limetengenezwa kwa saianotaipu, ile njia ya picha aliyoigundua John Herschel mwaka 1842, unapaka kitambaa mchanganyiko wa chumvi mbili za chuma, unapanga majani juu yake, unakitoa juani, palipopigwa na jua panakuwa bluu nzito na pale majani yalipolala panabaki peupe. Mwaka 1843 Anna Atkins, mtaalamu wa mimea wa Uingereza, alianza kutoa picha za mwani kwa njia hii, na ukiliangalia shati unaona mbunifu amezitazama sana, kila mshipa wa jani upo, kuna jani moja karibu na kola limeinuka kidogo wakati wa kuanika na ukingo wake umekuwa na ukungu laini wa bluu, ni kama limepumua.

Lakini hiyo bluu ni bluu ya Prussia, na bluu ya Prussia haivumilii kabisa sabuni yenye magadi. Sabuni nyingi za unga za kufulia zina magadi. Ukiifua na hiyo, rangi inavunjika, bluu inageuka njano chafu ya kutu na hairudi. Jua kali nalo linaipausha, ingawa ikikaa gizani inarudi kidogo kidogo. Sasa niambieni, shati la kushindia nyumbani, la kulalia, linaloguswa na jasho na mafuta ya mwili kila siku, utaliacha kulifua? Lebo ya langu iliandika tu lifuliwe kwa mkono na maji ya baridi, haikusema neno lolote kuhusu aina ya sabuni. Nililifua kwa mkono na maji ya baridi kama lilivyosema na mabegani pakapauka mabaka mabaka. Niliwaandikia, wakanijibu kwa heshima, wakajitolea kunitengenezea lingine, na wakasema lebo itabadilishwa. Nashukuru kwa hilo lakini nilikataa lingine kwa sababu tatizo sio shati lile moja. Njia hii haifai kwa nguo ya aina hii. Ingefaa pazia la mahali pasipo na jua, ingefaa picha kwenye fremu, ingefaa hata jalada la kile kijitabu cha sampuli.

Na hapa ndo naona tofauti ya vipande vilivyofanikiwa na visivyofanikiwa kwenye hii kazi. Robu, arashi imeamua paneli. Pajama, mshazari umeamua nguo isiyohitaji zipu. Koti, kitambaa kilichoshonwa tabaka kimeamua joto na umbo. Jaribio limeingia ndani ya nguo likabadili jinsi unavyokaa ndani yake. Kwenye shati jaribio limekaa juu tu kama picha, nguo chini yake ingeweza kuwa shati lolote lile, halafu picha yenyewe ndo inafukuzwa na maisha ya kawaida. Mbunifu akiendelea na koleksheni nyingine naomba ajiulize hilo kabla ya kukubali sampuli hata iwe nzuri vipi: je, hii itafuliwaje, italaliwaje, itakaliwaje.

Kuhusu kufua maana maswali yamekuwa mengi, hariri tumia sabuni isiyo na magadi, maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 30, usikamue kwa kusokota, iviringe ndani ya taulo uibonyeze. Anika kivulini, na ile ya mshazari usiitundike ikiwa imelowa, ilaze, la sivyo maji yataivuta chini. Wale wanaosema ulowekee siki na chumvi ili rangi ishike, hapana. Rangi za mimea zinashikishwa na shabu na tanini kabla na wakati wa kupika rangi, ikishatoka karakana hakuna siki itakayoongeza kitu, na siki inaweza kuusogeza wekundu wa rubia uende kwenye rangi ya chungwa. Pasi piga upande wa ndani hariri ikiwa na unyevu kidogo.

Bei sio ya mchezo, na kusubiri kunachosha, maana hawatii rangi mpaka oda zifike idadi ya pipa moja. Mi sioni kama ni ghali kwa kazi iliyomo, mshono wa ngazi peke yake nimeshaueleza. Ila wanaotaka kuagiza waombe picha ya kitambaa cha pipa lao kabla hakijashonwa, wanatuma ukiomba, hawatumi usipoomba, na kwa maoni yangu wangetuma kwa kila mtu.

Saizi zao zinaishia mapema mno, watu wenye miili mikubwa wameachwa nje, na kwa nguo za paneli na mshazari hilo halina sababu, ndo nguo rahisi kuliko zote kuziongeza upana. Kwa watakaoagiza suruali ya hariri msiangalie kipimo cha kiuno, kamba italimaliza hilo, pimeni nyonga mkiwa mmekaa na sio mmesimama, na kama mko katikati ya saizi mbili chukueni kubwa maana mshazari ukivutwa sana unafunguka mshono wa nyuma kwanza. Robu ni saizi moja, mimi ni mrefu inanifika chini kidogo ya goti, dada yangu mfupi inamfika kwenye kifundo cha mguu na yeye ndo anaipenda hivyohivyo.